Mjuzi wa Mawe Aliyefika Mwezini

Watu 12 ndio waliokanyaga Mwezi kati ya mwaka 1969 na 1972. Katika hao, 11 walikuwa marubani kwa kazi yao. Mmoja tu alikuwa mjuzi wa elimu ya mawe, naye ni Harrison Schmitt wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 3 Julai 1935 huko Santa Rita, New Mexico, penye machimbo ya shaba. (Mji huo haupo tena, maana shimo la machimbo lilizidi kupanuka hata likaumeza.) Baba yake naye alikuwa mjuzi wa mawe na madini. Schmitt akasoma California, akakaa mwaka mmoja Norwei, na mwaka 1964 akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Harvard. Mwaka 1965 serikali ilipotafuta wataalamu wa kwenda angani, wakachaguliwa 6, naye akiwamo. Wala hakuwa rubani! Ilimpasa kujifunza kurusha ndege kwa muda wa mwaka mzima. Naye akawafundisha marubani kuyatambua mawe.

Mwaka 1970 safari za mwisho zikafutwa kwa ajili ya gharama, na ile iliyotazamiwa kuwa yake ikafutwa pamoja nazo. Wataalamu wakanung'unika: Je, twaenda kutafuta mawe, naye ayajuaye abaki nyumbani? Kwa hiyo mwaka 1971 rubani Joe Engle, aliyekwisha kupangwa katika safari ya Apollo 17, akaondolewa pasipo kosa lolote, na Schmitt akatiwa mahali pake.

Tarehe 11 Desemba 1972 Schmitt na mkuu wake, Eugene Cernan, wakashuka katika bonde la Taurus-Littrow, na Ronald Evans akabaki juu akiuzunguka Mwezi. Walitoka chomboni mara 3, jumla ya saa 22. Katika matembezi ya pili, kando ya shimo liitwalo Shorty, Schmitt akaona udongo aliotibua kwa miguu una rangi ya chungwa, hali pande zote ni kijivu tupu. Nafasi ilikuwa ndogo, lakini wakachimba mfereji, wakatwaa udongo wa rangi mbalimbali, wakapigilia na bomba chini ili wapate tabaka zake kwa taratibu.

Walidhani pengine ni kazi ya volkeno ya siku za karibu. Sivyo. Ulipochunguzwa duniani, ulionekana kuwa shanga ndogo mno za kioo, zilizorushwa na mawe yaliyoyeyuka yapata miaka milioni 3,600 iliyopita. Na mwaka 2008 wataalamu wakatangaza kwamba katika shanga za namna hiyo mna dalili za maji, ingawa zamani Mwezi ulidhaniwa kuwa mkavu kabisa.

Yamkini rubani naye angaliiona rangi ile. Lakini kujua mara moja pa kuchimba, na kwa nini, hilo nadhani ni tunda la miaka mingi ya kusoma.

Schmitt aliacha kazi ya anga mwaka 1975, akawa seneta tangu 1977 hata 1983. Engle naye aliongoza chombo Columbia angani mwaka 1981, Mwezini hakufika.