Kamoinge: Wapiga Picha wa Harlem Walioazima Jina Kenya

Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru wake, wapiga picha vijana wa Kimarekani Weusi katika jiji la New York walikuwa na makundi mawili madogo. Waliona hapana maana kukutana mbalimbali, wakayaunganisha yakawa kundi moja. Kundi likahitaji jina. Hawakulitafuta New York, wala hawakuliita kwa jina la mtu. Walilitoa katika kitabu cha Jomo Kenyatta kiitwacho *Facing Mount Kenya*, kilichochapishwa mwaka 1938, nalo ni neno la Kikuyu: Kamoinge. Maana waliyoishika ni kundi la watu wanaofanya kazi pamoja.

Sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa neno hilo. Ndani yake mna *-ingi* yetu ya watu wengi, na ile *ka-* ya mwanzo inafanya kazi ya kudogosha, kwa hiyo ni wingi mdogo, kikundi. Wakikuyu wana methali yao isemayo *kamuingi koyaga ndiri*: kikundi kidogo cha watu ndicho kinyanyuacho kinu. Anayekijua kinu cha mti cha kutwangia, kile kizito cha kijijini, ataelewa mara moja.

Wasomaji wataniuliza kundi la wapiga picha wa Marekani lahusu nini gazeti la wanafunzi wa zamani. Nitajibu hivi. Siku hizi kila mwanafunzi aliyemaliza shule, na aghalabu hata anayesoma, ana kamera ndani ya simu yake. Picha zinapigwa kwa mamia na kupelekwa kwa marafiki. Rafiki anajibu "nzuri sana", na mambo yamekwisha. Katika zama zetu mkanda mmoja ulitoa picha 12 au 36 tu, na kila moja ilikuwa fedha, kwa hiyo mtu aliyeharibu picha aliambiwa! Sisemi kwamba zama zile zilikuwa bora. Kamera ilikuwa kitu cha watu wachache mno. Nasema tu kwamba kazi ya kuonyeshana picha na kuambiana ukweli ina historia yake, na historia hiyo inafaa kujulikana.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1839 Mfaransa Daguerre alipotangaziwa uvumbuzi wake, picha yake ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha. Lilikuwa moja tu, halina nakala. Ukimpa mwenzako, wewe huna. Mwingereza Talbot yeye alishika njia nyingine, ile ya kupata kwanza picha iliyogeuka, nyeupe ikiwa nyeusi na nyeusi ikiwa nyeupe, juu ya karatasi, kisha kutoa nakala kadiri upendavyo. Hapo ndipo picha ilipoweza kusafiri. Katika miaka ya 1840 kikundi cha mabwana wa Edinburgh, wengi wao wanasheria, kilianza kukutana kuonyeshana picha za namna hiyo, na huhesabiwa kuwa chama cha kwanza cha wapiga picha duniani. Hataza ya Talbot iliyowabana watu wa Uingereza haikufika Scotland, na bila shaka hilo liliwasaidia. Albamu zao mbili zipo hadi leo katika maktaba za mji huo.

London ilifuata mwaka 1853, kwa chama ambacho katibu wake wa kwanza alikuwa Roger Fenton. Chama kilikuwa na maonyesho na jarida lake, na hapo ndipo ukosoaji ulipoingia kwenye karatasi. Haukuwa mpole. Bibi Julia Margaret Cameron alipewa kamera na jamaa zake mwishoni mwa mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48, na mwaka uliofuata alijiunga na chama hicho. Wakosoaji wa jarida walimwandama: picha zake hazikuwa kali, zilikuwa na madoa, hajui kazi. Yeye akashikilia kwamba ule ukungu ameutaka mwenyewe. Leo picha zake za nyuso zimo katika majumba makubwa ya hifadhi, na waliomkosoa hawakumbukwi. Lakini tusifanye haraka kuwacheka. Madoa yalikuwapo kweli. Walichokosa wale mabwana ni kumwuliza kwanza mama yule alikuwa anatafuta nini.

Baadaye, karne ile ya 19 ilipokuwa inakaribia kwisha, palizuka desturi ninayoipenda kuliko zote, ya vyama vya posta. Wanachama waliishi miji mbalimbali na pengine hawakuonana kamwe. Sanduku la picha lilizunguka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Likikufikia, ulisoma yale wenzako waliyoandika juu ya picha yako ya mzunguko uliopita, ukaitoa, ukaweka mpya, ukaandika maoni yako juu ya picha za wengine, ukalifunga na kulipeleka posta kwa anayefuata. Sanduku lilikuwa na siku zake kwa kila mtu. Mwenye kulikalia alikuwa adui wa wote. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba ulimlazimisha mtu kuandika. Kusema "nzuri" ni rahisi. Kujaza mistari sita juu ya picha ya mtu usiyemjua, huku ukijua naye atajaza mistari sita juu ya yako, ni jambo jingine kabisa. Vyama vya namna hiyo vimeendelea Uingereza hadi zama zetu hizi.

Sasa turudi Harlem. Hawa waliokutana mwaka 1963 hawakuwa mabwana wenye nafasi. Mtu kama Louis Draper alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1935, akaenda New York mwaka 1957 kujifunza picha. Wengi wao walikuwa na kazi za kuwapa riziki na picha walizipiga kwa fedha na saa zao wenyewe. Tena palikuwa na ukuta mbele yao. Magazeti makubwa ya picha yalikuwa na wapiga picha Weusi wachache mno. Gordon Parks wa gazeti la *Life* alikuwa kama nyota ya peke yake. Harlem yenyewe ilipigwa picha mara nyingi, lakini na wageni, nao walikuja kutafuta ufukara, ghasia na madawa ya kulevya. Ukiwa Mweusi mwenye kamera ulikuwa na mambo mawili: ama hutazamwi kabisa, ama unasifiwa kwa huruma. Nani basi angekuambia kwamba picha yako imeshindwa, na imeshindwa kwa sababu gani?

Nadhani hapo ndipo lilipo jambo zima la Kamoinge. Watu hawa walihitaji hakimu asiyewadharau wala kuwabembeleza, na kwa kuwa hakimu huyo hakuwapo popote, wakawa mahakimu wao wenyewe.

Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Roy DeCarava. Alizaliwa Harlem mwaka 1919, akaanza kwa kuchora kabla ya kushika kamera, na mwaka 1952 akawa mpiga picha Mweusi wa kwanza kupata msaada wa Guggenheim. Mwaka 1955 picha zake za maisha ya kawaida ya Harlem zilitoka katika kitabu pamoja na maneno ya mshairi Langston Hughes. Kwa hiyo alikuwa amewatangulia wale vijana kwa umri na kwa kazi. Hakukaa sana katika uongozi, yapata miaka miwili, lakini alama yake ilibaki.

Walikutana Jumapili. Mwanzoni walikutana nyumbani kwa watu, kisha kwa muda wakawa na chumba chao cha maonyesho huko Harlem. Picha ziliwekwa wazi na kila mmoja akasema. Waliokuwapo wamesimulia kwamba ukosoaji ulikuwa mkali, na kwamba baadhi yao walitoka pale wameumia. Lakini hawakukutana kwa picha tu. Walikula pamoja, wakazungumza vitabu na filamu, wakasikiliza jazi. Na jazi si jambo la kando katika habari hii, maana katika jazi pia mtu hupiga chake mbele ya wenzake wanaojua, nao humsikia akikosea. Anthony Barboza, aliyefika New York kutoka Massachusetts akiwa bado kijana wa miaka 19, alijifunza kazi humo, akaja kuwa mpiga picha mashuhuri na baadaye kiongozi wa kundi.

Jambo moja walilojifunza kwa DeCarava nitalieleza zaidi, kwa ajili ya vijana, maana linahusu kazi yenyewe ya mikono. Vitabu vya mafunzo vya wakati ule vilimfundisha mtu kwamba picha njema ina nyeupe safi upande mmoja na nyeusi kamili upande wa pili, na katikati ngazi za kijivu. DeCarava alichapa picha zake gizani, karibu zote katika zile ngazi za chini. Ukiitazama kwa haraka unaona weusi mtupu. Ukikaa nayo, macho yanazoea, na unaanza kuona bega, kola ya shati, shavu la mtu. Ngozi nyeusi haikuwa tena doa moja mbele ya ukuta mweupe. Ilikuwa na mwanga wake na vivuli vyake. Kufanya hivyo katika chumba cha giza si mchezo. Ukizidisha sekunde chache chini ya mwanga, yote yanazama. Ukipunguza, kijivu kinakuwa kama majivu ya jikoni. Jicho la pili lilikuwa na faida kubwa hapo, maana aliyekesha na karatasi zake anaanza kuona kile anachokitamani badala ya kile kilichopo.

Mwaka 1964 kundi lilitoa mkoba wa picha halisi zilizochapwa na wanachama wenyewe, kisha likatoa mwingine. Mwaka huo huo mmoja wao, Herbert Randall, alikwenda Hattiesburg, Mississippi, kupiga picha za vijana waliokuwa wakiandikisha watu Weusi kupiga kura, kazi iliyokuwa na hatari ya kifo. Mwaka 1966 jarida la *Camera* la Uswisi likachapisha picha zao za Harlem. Yaani ilibidi picha za mtaa wa New York zivuke bahari ndipo zipewe kurasa.

Kisha ikaja mwaka 1969. Jumba la Metropolitan la New York, mojawapo ya majumba makubwa ya sanaa duniani, lilifungua maonyesho juu ya Harlem. Palikuwa na picha nyingi za kamera zilizokuzwa, lakini hapakuwa na mchoro wala sanamu hata moja ya wasanii wa Harlem. DeCarava alikataa kushiriki, na nje ya jumba palikuwa na watu wenye mabango. Wapo waliosema maonyesho yale yalikuwa na faida, na ni kweli kwamba ndiyo yaliyomfanya mzee James Van Der Zee, mpiga picha wa studio aliyekuwa amesahauliwa, ajulikane. Hata hivyo naona waliokataa walikuwa na haki. Mtu aliyezoea kuambiwa na wenzake kila Jumapili kwamba picha ni neno la mpigaji hawezi kukubali picha itumike kama karatasi ya kupambia ukuta.

Jibu lao halikuwa maandamano tu. Mwaka 1973 Beuford Smith wa Kamoinge na wenzake walianza kutoa kitabu kikubwa cha picha, *The Black Photographers Annual*, na dibaji ya toleo la kwanza iliandikwa na Toni Morrison, ambaye miaka 20 baadaye, mwaka 1993, alipata tuzo ya Nobeli. Yalitoka matoleo manne, la mwisho mwaka 1980. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1970 aliingia Ming Smith, mwanamke wa kwanza katika kundi. Kwamba ilichukua karibu miaka kumi kumpokea mwanamke mmoja ni aibu ya kundi, nami sioni sababu ya kuifunika. Yeye aliendelea hadi picha zake zikanunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, akiwa mpiga picha wa kwanza mwanamke Mweusi kufikia hapo.

Draper ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa karatasi na barua za kundi. Tangu mwaka 1982 alifundisha picha katika chuo kimoja cha New Jersey, na aliendelea kufundisha hadi alipofariki mwaka 2002 bila kujulikana sana nje ya duara lao. Miaka kadhaa baadaye hazina yake ya negativu, picha na karatasi ilichukuliwa na jumba la sanaa la Virginia, huko huko Richmond alikozaliwa. Mwaka 2020 jumba hilo lilifungua maonyesho makubwa juu yake na wenzake, yakazunguka miji mingine ya Marekani, ikiwa ni pamoja na New York. Mwaka huo huo Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kwamba imepata hifadhi ya Shawn Walker, mmoja wa waanzilishi, yenye picha zipatazo 100,000, na Walker akatoa pia makusanyo yake ya vitu vya kundi. Kamoinge lenyewe halikuvunjika. Limekwisha kuvuka miaka 60, na jina la Kikuyu bado liko mlangoni.