Ushindani na Sheria katika Simu za Kuvuka Mipaka Afrika Mashariki

Kabla ya mwaka 2006, msafiri wa Afrika Mashariki aliyetumia laini yake nje ya nchi alilipia hata simu aliyopigiwa, kwa kuwa mtandao uliompokea ugenini uliitoza kampuni yake ya nyumbani, nayo ikamwongezea mteja gharama hiyo. Mwaka huo Celtel, iliyomiliki mitandao Kenya, Uganda na Tanzania, ilianzisha huduma ya One Network, ambayo ilifuta tozo la kupokea simu na kumruhusu mteja kupiga kwa bei za mahali alipo na kununua vocha za huko. Washindani, akiwemo Safaricom, ambao hawakuwa na mitandao yao wenyewe ng'ambo ya mpaka, walilazimika kujibu kwa kuungana na kampuni za nchi jirani. Hata hivyo, nafuu iliyotegemea hiari ya kampuni haikuwafikia wateja wote. Ndiyo maana kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda ziliweka Eneo la Mtandao Mmoja, utaratibu uliofuta malipo ya kupokea simu na kuwekea kikomo bei ya kupiga, hivyo kugeuza mbinu ya kibiashara kuwa kanuni ya umma.