Nakshi: Kutoka Katika Jiwe Hadi Katika Uzi

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani huulizwa mara kwa mara na wanafunzi maana ya neno nakshi. Aghalabu huwajibu kwa kuwatajia milango ya Lamu na Unguja. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Neno hilo lenye asili ya Kiarabu hutajia mapambo yaliyochongwa katika mti au jiwe, na vilevile mapambo yaliyotiwa kwa uzi katika nguo. Kwa hiyo lugha yetu huiona kazi ya patasi na kazi ya uzi kuwa ndugu. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za mfumi mmoja wa nchi za mbali ambaye kazi yake yaudhihirisha undugu huo.

Mfumi huyo ni Anni Albers, aliyezaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1899. Mwaka 1922 aliingia katika chuo cha sanaa cha Bauhaus. Ijapokuwa chuo hicho kilijinasibu kwa mambo mapya, wanawake wengi walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji, nao ufumaji ulihesabiwa kuwa kazi duni mbele ya uchoraji na ujenzi. Mwaka 1933 Bauhaus ilifungwa kwa shinikizo la Wanazi. Anni, ambaye ukoo wake ulikuwa wa asili ya Kiyahudi, alihamia Marekani mwaka huohuo pamoja na mumewe, mchoraji Josef Albers, wakafundisha katika Black Mountain College, jimbo la North Carolina.

Kutoka huko ndipo walipofanya safari yao ya kwanza ya Meksiko, katika majira ya baridi ya 1935 na 1936. Baadaye walirudi huko zaidi ya mara kumi. Miongoni mwa mahali walipopazuru ni Monte Albán, mji wa kale wa Wazapoteki ulioanzishwa yapata mwaka 500 kabla ya Kristo juu ya mlima katika bonde la Oaxaca. Uchimbuzi mkubwa ulioongozwa na mtaalamu Alfonso Caso ulikuwa umeanza mwaka 1931. Hapo pana ngazi pana, viwanja na majukwaa ya mawe, pamoja na mawe zaidi ya 300 yaliyochongwa sura za watu. Zamani sura hizo ziliitwa za wachezaji ngoma. Siku hizi wataalamu wengi huziona kuwa za mateka waliouawa. Baadhi yake zina alama zihesabiwazo miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya bara la Amerika. Katika bonde hilohilo mna Mitla, ambako kuta zimepambwa kwa vijiwe vilivyochongwa na kupangwa bila chokaa, vikafanya mistari ipandayo kama ngazi na kujikunja kwa pembe kali.

Mwaka 1936 Anni alifuma kazi mbili zilizotokana na safari hiyo: Monte Albán, kwa hariri, kitani na sufu, na nyingine aliyoiita Maandishi ya Kale. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakunakili sanamu. Katika Monte Albán hamna sura hata moja ya mtu. Juu ya mtande na mshindio wa kawaida alipitisha uzi wa ziada, ukaelea juu ya nguo kama mstari wa kalamu, ukichora madaraja, miinuko na viwanja. Ufundi huo wa uzi wa ziada ulijulikana tangu kale na wafumi wa Peru.

Kwa nini hakunakili? Kila chombo kina sarufi yake. Patasi huweza kufuata mviringo wa bega la mtu. Katika nguo, mtande na mshindio hukutana kwa pembe mraba, na mviringo hauna budi kugeuka ngazi. Atakaye kulihamisha jiwe zima katika uzi atapata nguo mbovu, kama apatavyo sentensi mbovu yule afasiriye neno kwa neno. Anni alilichukua lile ambalo uzi waweza kulisema. Na nakshi za Mitla, zilizo mistari mitupu ya pembe, hazikuwa ngeni kwenye kitanda cha mfumi: hata leo wafumi wa Kizapoteki wa Teotitlán del Valle huzifuma katika mazulia ya sufu.

Liko pia suala la deni. Wasanii wengi wa Ulaya walichota katika sanaa za mataifa mengine, wakayaacha mataifa hayo bila shukrani. Mwaka 1949 Anni alikuwa mfumi wa kwanza kuonyeshwa kazi zake peke yake katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Hata hivyo, alipochapisha kitabu chake kikuu juu ya ufumaji mwaka 1965, alikitabaruku kwa wafumi wa Peru ya kale, akawaita walimu wake. Alifariki mwaka 1994.

Walimu wenzetu, hapa pana somo la darasani. Tumpapo mwanafunzi hadithi ya kwao aiandike kwa Kiswahili, tusiridhike na nakala ya maneno. Na aitafutie umbo ambalo Kiswahili chaweza kulibeba vyema, kisha ataje wazi ni nani aliyemsimulia.