Noeli, pesa na butiki ya jirani: mambo ambayo wazee wa Bukavu na Mumosho waliyaona

Mumosho, Kivu ya Kusini.

Mwezi wa kumi na mbili ukifika, watoto wana swali moja tu: "Mama, tutavaa nini ku Noeli?" Kwetu zawadi ya Noeli na Bonane si kitu kikubwa. Ni nguo ya mtoto, viatu, kikwembe cha mama, sabuni na sukari ya bibi. Wenye pesa kidogo wanapanda pikipiki wanaenda kununua Bukavu, ku soko la Kadutu ao Nyawera. Siwakatazi. Lakini mbele ya kupanda pikipiki, tukumbuke kidogo historia yetu. Mara nyingi pesa yetu na maduka makubwa vilituacha njiani, na kila mara tulirudi kwa mama mwenye butiki ndogo pembeni ya barabara.

Tuanze zamani. Wakati Bukavu ilikuwa inaitwa Costermansville, biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni: Wabelgiji, Wagiriki, Wahindi. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, bendera ilibadilika, lakini mwenye duka kubwa hakubadilika sana.

Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zitapewa Wazaire. Ndiyo tunaita zairianizasio. Watu wengi walifurahi, wakafikiri mali imerudi kwa wananchi. Lakini waliogawiwa maduka walikuwa zaidi wakubwa wa chama, watu wa serikali na marafiki wao. Wengi hawakujua kazi ya duka. Waliuza vitu walivyovikuta, wakatumia pesa, na hawakuagiza vingine. Rafu zikabaki tupu. Mwaka 1975 na 1976 serikali ikaanza kurudi nyuma na kuwarudishia wenye mali wa zamani sehemu ya biashara zao. Wageni wengi walikuwa wamekwisha kwenda.

Somo la kwanza ni hapo. Duka si jengo wala bidhaa tu. Duka ni mtu anayejua kununua, kuuza na kununua tena. Huyo mtu ukimwacha afe njaa, amri ya rais haiwezi kumrudisha.

Noeli yenyewe haikuachwa. Mwaka 1972 majina ya kikristo yalikuwa yamekatazwa, na mwaka 1974 Noeli ikaondolewa kati ya sikukuu za serikali. Tarehe 25 ikawa siku ya kazi kama siku nyingine. Hata hivyo waamini hawakuisahau siku hiyo, na leo bado tunaisherehekea. Sikukuu iliyokosa ruhusa ya serikali ilibaki nyumbani na kwa majirani.

Halafu ikaja Noeli ya 1979. Siku ileile ya tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kiasi kilikuwa na mpaka. Fikirieni mkulima wa mbali na mji, aliyeuza ndizi ao ng'ombe na kuficha pesa chini ya kitanda. Banki iko mbali, foleni ni ndefu, siku zinaisha. Wengi vijijini walibaki na makaratasi. Waliokuwa na mkono mrefu mjini walipata njia.

Ukiwa na noti iliyokufa, nani anaweza kukupa chumvi? Ni yule anayejua jina lako, anayejua shamba lako, na anayejua utalipa mavuno yakitoka. Hilo ndilo somo la pili: mahali ambapo banki haifiki, kuaminiana ndiko kunachukua nafasi ya pesa.

Mimi sikuona miaka hiyo. Niliyoyaona mwenyewe ni ya mwezi wa sita 2004, nikiwa bado mwanafunzi, wakati waasi wa Nkunda na Mutebutsi walishika Bukavu kwa siku kadhaa. Maduka na depo viliporwa. Na mwezi wa pili 2025 tuliona tena, wakati mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Raia walipoteza mali, na katika depo za shirika la chakula duniani, PAM, karibu tani 7,000 za chakula ziliibwa. Chakula hicho kilikuwa cha kusaidia watu kama hawa waliokimbia, ambao leo wanalala katika nyumba zetu. Banki zikafunga milango. Mwenye akiba yake ndani ya banki akawa sawa na mkulima wa 1979: pesa ipo, lakini haishikiki.

Katika majuma hayo, nani alifungua mlango kwanza? Mara nyingi ni mama wa butiki. Alifungua nusu ya mlango, akapima unga kwa kopo la Guigoz, akaandika ndani ya kaye: "Mama fulani, kopo mbili, atalipa." Familia nyingi zilizofika bila kitu zilikula kwa sababu ya kaye hiyo. Baba mwenye nyumba alisema tu, "Hawa ni wageni wangu," na mama akaandika.

Sasa tuangalie upande wa pili. Kaye ya madeni haijazwi na hewa. Mama huyo naye ananunua mjini, analipa usafiri, analipa taksi. Kama tunakopa kwake mwezi wa tatu na wa tisa, halafu mwezi wa kumi na mbili, tukipata pesa mkononi, tunaipeleka yote Kadutu, tunamuua polepole. Mwaka ujao tutakuta kufuli ku mlango, na hakuna muuzaji mkubwa wa mjini atakayetukopesha sabuni moja.

Tena ndio mwezi ambao MUSO na AVEC nyingi zinagawa akiba za wanachama. Pesa inafika kijijini kwa siku moja. Ikitoka siku ileile, kijiji kinabaki kama kilivyokuwa. Lakini ukinunua kikwembe kwa butiki ya hapa na kukishonesha kwa fundi wa hapa, fundi atanunua mafuta kwa jirani, na jirani atalipa masomo ya mtoto. Pesa ileile imelisha nyumba tatu mbele ya kuvuka kwenda mjini.

Najua mtasema: "Butiki ya hapa ni ghali, na vitu ni vichache." Ni kweli mara nyingine. Sisemi mtu aliyekimbia vita, mwenye franka chache, alipe zaidi kwa kumfurahisha muuzaji. Nasema tupige hesabu yote. Weka bei ya pikipiki kwenda na kurudi, weka siku ya kazi iliyopotea, halafu linganisha. Kwa kitu kimoja ao viwili, mara nyingi faida ya mjini inaishia njiani.

Nanyi wenye butiki, neno ni lenu pia. Msipandishe bei kwa sababu ya sikukuu. Msiuze vitu vilivyopita tarehe. Wanaokimbia vita si nafasi ya kupata faida. Wanakumbuka aliyewapokea, na wanakumbuka aliyewaibia.

Basi mwaka huu tufanye mambo matatu. Kwanza, tulipe deni letu mbele ya Noeli, hata nusu. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Pili, tuulize kwanza hapa kama kitu kipo, ndipo twende mbali. Tatu, anayetaka kusaidia familia iliyokimbia, apite kwa butiki iliyo karibu nao, alipe sabuni, chumvi na sukari, ao afute jina lao ndani ya kaye. Kwa mama asiye na kitu, kufutiwa deni ni zawadi kuliko nguo.

Tumeona noti zikifa, depo zikiporwa na banki zikifungwa. Kaye ya mama wa butiki bado iko. Tusiiache.

Noeli njema, na Bonane yenye amani kwenu wote, mlio nyumbani na mlio mbali na nyumbani.