Hama, hamisha, hamishia na hifadhi: matumizi katika lugha ya seva pepe

Hama (kitenzi): ondoka mahali pa makazi na kwenda kukaa pengine. Hamisha (kitenzi): fanya mtu au kitu kihame. Hamishia (kitenzi): hamisha na kupeleka mahali palipotajwa. Hifadhi (kitenzi): weka salama, (nomino, ngeli ya I-ZI) mahali pa kuwekea au kulindia kitu.

Seva pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi huitwa seva mwenyeji, nayo huweza kubeba seva pepe kadhaa kwa wakati mmoja. Msamiati wa fani hii umetwaliwa katika maisha ya kila siku, na hapo ndipo penye hatari: hospitali au chama cha ushirika mjini Moshi kikifuata mwongozo uliotafsiriwa kwa uzembe, kumbukumbu za miaka mingi zinaweza kupotea kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Pepe

Kwa mkulima wa mpunga katika skimu ya Lower Moshi, pepe ni punje isiyo na kiini. Mwanafunzi asichukulie kwamba seva pepe ni tupu vivyo hivyo. Data iliyomo ni halisi, na ikifutwa imefutwa kweli. Kinachokosekana ni umbo la chuma tu.

Uhamisho, uhamiaji, uhamishaji

*Uhamisho* umezoeleka kwa mtumishi anayepelekwa kituo kingine cha kazi. *Uhamiaji* ni wa watu, hasa wanaovuka mipaka ya nchi, na idara yake inajulikana kwa jina hilo. Kwa data na seva, neno linalofaa ni *uhamishaji*, kwa kuwa kuna mtendaji anayehamisha na kitu kinachohamishwa. «Uhamiaji wa data» ni kosa la mara kwa mara katika tafsiri.

Imehamishwa na imehamishiwa

Linganisha:

- *Seva ya pili imehamishwa.* (Seva yenyewe imetolewa mahali pake.)
- *Seva ya pili imehamishiwa diski.* (Seva ipo palepale, imepokea diski.)

Irabu moja hubadilisha kitu kilichosogezwa. Katika taarifa ya hitilafu, fundi atakayesoma sentensi ya kwanza badala ya ya pili ataanza kutafuta tatizo mahali pasipo tatizo.

Vilevile *hamisha* si *nakili*. Anayenakili huacha cha awali kilipo, anayehamisha hakiachi.

Hifadhi na ghala

Msomaji wa Moshi akisikia *hifadhi* hukumbuka kwanza Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973. Katika kompyuta, neno hilo lina maana zisizopungua tatu: kuandika kazi diskini, kulinda, na mahali pa kuwekea. Amri «Hifadhi diski kabla ya kuhamisha» kwa hiyo haieleweki. Iandikwe: *Tengeneza nakala rudufu ya diski kabla ya kuihamisha.* Kwa mahali pa pamoja ambapo diski za seva pepe nyingi huwekwa, *ghala* (LI-YA) huondoa utata: *ghala limejaa*, *maghala yamejaa*.

Neno ghala husaidia pia kutenganisha aina mbili za uhamishaji. Mkulima wa Marangu aliyeweka mahindi yake ghalani Himo anaweza kubadili nyumba bila kugusa gunia hata moja; anaweza pia kubadili ghala bila kuhama nyumba. Ndivyo ilivyo kwa seva pepe: *kuhamisha seva pepe* ni kubadili mwenyeji, na *kuhamisha diski zake* ni kubadili ghala. Mwandishi ataje ni lipi kati ya hayo, au yote mawili.

Kueleza hitilafu

1. *Imejaa nini?* Diski inayokua huahidiwa ukubwa mkubwa kuliko inavyotumia. Tuseme ghala lina gigabaiti 1,000, na seva pepe tano zimeahidiwa 300 kila moja, yaani 1,500. Kila seva itaonyesha nafasi, ilhali ghala limejaa na kazi zimesimama. Tenganisha *ukubwa ulioahidiwa* na *ukubwa uliotumika*.

2. *Imekataa au imekwama?* Seva pepe *imekataa kuhama* endapo masharti hayakutimia na hakuna kilichosogezwa: pengine prosesa za wenyeji wawili hazilingani, au seva imefungamana na kifaa kilichochomekwa kwa mwenyeji wa kwanza. *Imekwama njiani* endapo kazi ilianza, kisha ikakatika. Katika hali ya pili, kagua pande zote mbili kabla ya kurudia.

3. *Picha ya hali au nakala rudufu?* Picha ya hali huwezesha seva kurudishwa ilivyokuwa muda fulani, lakini hutegemea diski ya awali na kwa kawaida hukaa nayo katika ghala moja. Ghala likiharibika, vyote viwili hupotea. Isitoshe, ikiachwa muda mrefu huendelea kukua na kulijaza ghala. Nakala rudufu hujitegemea na huwekwa mahali pengine. Kutafsiri istilahi hizi mbili kwa neno moja *nakala* ni kumpa msomaji usalama asiokuwa nao.

Kufuta

Hatua ya mwisho ya mwongozo ndiyo itakiwayo kuandikwa kwa uangalifu zaidi. «Futa seva ya zamani baada ya kuhamisha» haitoshi, kwa maana *baada ya kuhamisha* haithibitishi kwamba uhamishaji umefaulu. Afadhali: *Iwashe seva katika mwenyeji mpya, hakikisha data inasomeka, ndipo ufute iliyobaki kwa mwenyeji wa zamani.* Wahenga walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tazama pia: akiba, diski, nakala, nakili, pepe, rudufu.