Kitabu cha Mashine na Watoto wa Katwe

Jumamosi iliyopita, pale tunapokutana kucheza chesi hapa Kampala, mdogo wetu mmoja alikuja amekariri hatua 12 za mwanzo kutoka kwa simu. Kwenye hatua ya tatu mpinzani wake akasogeza askari wa pembeni, kitu ambacho simu haikumwonyesha. Mdogo wetu akakwama, akafungwa haraka. Akasema: "Basi, mimi sina vitabu, sitafika popote." Maneno hayo tunayasikia pia kuhusu shule, maana wengi wetu tuliiacha njiani tukikimbia. Ndiyo maana tunaandika historia hii.

Programu ya kompyuta inayocheza chesi huitwa injini. Tangu zamani injini zilipewa kitabu cha ufunguzi, yaani orodha ya hatua za mwanzo ambazo mabingwa wameshazichunguza. Ikiwa bado iko ndani ya kitabu, injini haifikirii. Inasoma tu na kucheza. Faida ni mbili: inaokoa muda wa saa, na inaepuka mitego ambayo ingeiona kwa kuchelewa.

Tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilicheza mchezo wa sita na Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Kwenye hatua ya nane ikamtoa farasi wake sadaka. Kompyuta za wakati ule hazikupenda kupoteza kete bila kuona malipo ya karibu. Kumbe sadaka hiyo ilikuwa kitabuni, watu ndio walioiweka! Kasparov alisalimu amri baada ya hatua 19, na mashine ikashinda pambano lote kwa 3.5 dhidi ya 2.5. Hapo mashine ilikuwa imeazima akili ya watu.

Miaka 20 baadaye, yaani 2017, kampuni ya DeepMind ya London ilileta AlphaZero. Hii ilipewa sheria za mchezo tu, bila kitabu. Ikacheza na yenyewe mamilioni ya michezo, na ikagundua peke yake mianzo mingi ambayo watu walikuwa wanaijua. Ikaifunga Stockfish, injini iliyosifika sana. Watu wakalalamika eti Stockfish ilinyimwa kitabu. Ikajaribiwa tena ikiwa na kitabu, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha AlphaZero imeshinda tena. Kitabu kinamsaidia sana asiyejua kufikiri mbali. Kadiri nguvu ya kufikiri inavyokua, ndivyo kitabu kinavyoongeza kidogo.

Sasa turudi hapa kwetu. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kufundisha watoto chesi katika mtaa wa Katwe, na kuwapa uji. Phiona Mutesi alifika akimfuata kaka yake. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Lakini mwaka 2010 aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na baada ya ile ya Istanbul ya 2012 akapata cheo cha kimataifa.

Hatusemi vitabu havina maana. Tunasema Phiona hakuvisubiri ndipo aanze.

Kwa hiyo, mdogo wetu, usikariri hatua 12. Shika tano, na kila moja ujiulize: kwa nini hii? Hapo mtu akitoka nje ya kitabu, wewe utabaki na sababu zako.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma: vitabu mlivyotupa tunavishukuru kwa moyo. Lakini tuko 16 na ubao ni mmoja. Ubao wa pili ungetufundisha zaidi.

Jumamosi ijayo tutamsogezea tena yule askari wa pembeni. Njooni mwone atajibu nini.