Mtoto hana cheti cha kuzaliwa? Meno nayo yana la kusema

Utemini, Singida. Cheti hakuna, kadi ya kliniki imepotea, na mtoto anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Zamani walimu walimaliza kesi hiyo haraka: pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umeandikishwa. Wenye mikono mifupi walirudi nyumbani.

Meno ni kipimo bora kidogo, maana njaa na maradhi hudumaza kimo zaidi ya yanavyochelewesha meno.

Meno ya utoto huanza kuota karibu miezi 6, na yote 20 huwa yametoka mtoto akikaribia miaka 3. Kwenye miaka 6 hivi huchomoza gego la kwanza la ukubwani. Hili huota nyuma kabisa bila kung'oa jino lolote, ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Halioti tena! Gego la pili hufika karibu miaka 12.

Daktari wa meno hahesabu tu yaliyotoka. Anapiga eksirei aone mizizi imekomaa kiasi gani. Njia maarufu ni ya Demirjian na wenzake, ya mwaka 1973: meno 7 ya taya la chini, upande wa kushoto, kila moja likipangwa katika hatua 8. Shida ni kwamba ilitokana na watoto wa Canada, na kwingineko mara nyingi humwongezea mtoto umri.

Kuna na "meno ya plastiki". Baadhi ya waganga nchini hung'oa vichipukizi vya chonge vya watoto wachanga, wakidai ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Chonge za ukubwani zinaweza kuharibika pia, na hesabu ya meno ikavurugika.

Mahakamani ndiko uzito ulipo. Kumbaka msichana wa chini ya miaka 18 ni kifungo kisichopungua miaka 30. Akiwa chini ya miaka 10, ni maisha. Jino haliwezi kutenganisha miaka 9 na miezi 10 na miaka 10 na miezi 2. Mahakama ya Rufani hukubali umri uthibitishwe na mwathirika mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari au cheti.

Cheti hutolewa na RITA, na wilayani huduma hiyo hupatikana ofisi ya mkuu wa wilaya. Aliyechelewa naye husajiliwa, ila aende na vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule.